Roboti au kishikwambi kwa mtoto anayeanza Kiingereza?

Pesa za korosho zikiingia, wazazi hapa Mtwara mjini hurudia ubishi uleule: mtoto anunuliwe nini kimsaidie Kiingereza? Siku hizi wapo wanaotaja hata roboti.

Kwa bei hakuna mjadala, kishikwambi ni nafuu. NAO, roboti wa sentimita 58 anayetumika sana kwenye majaribio ya kufundisha watoto lugha, huuzwa kwa maelfu ya dola.

Je, anafundisha zaidi? Uholanzi walipima: watoto 194 wa miaka mitano na sita, masomo saba, maneno 34 ya Kiingereza. Waliosoma na roboti pamoja na kishikwambi hawakuwapita waliosoma na kishikwambi peke yake, ingawa wote waliwashinda wasiofundishwa. Hata ishara za mikono za roboti hazikuongeza kitu. (Ana vidole vitatu tu kila mkono, kuhesabu hadi tano kwa mkono mmoja ni kazi!)

Roboti anashinda kwa mwili: anamtazama mtoto, anaonyesha kitu, na mwenye haya humzoea. Kusikia ndiko kunakomponza. Mitambo ya kutambua sauti mara nyingi hukosea maneno ya watoto. Kishikwambi nacho ni hivyohivyo. Mwanangu alitamka "samaki" kwa Kiingereza mara tatu, akaambiwa ajaribu tena, akakigeuza kifudifudi mkekani.

Matunzo? Kioo kikipasuka, fundi simu yupo sokoni. Goti la roboti likigoma, sijui utampelekea nani.

Shule yenye mfadhili na mwalimu anayeipenda mitambo, ijaribu roboti. Nyumbani, ningechukua kishikwambi, nikae pembeni ya mtoto.