Kikundi cha wazazi wa watoto wenye kichwa maji: nyota nne

Wanaokiendesha ni wazazi wenyewe, kwahiyo ukisema mtoto ana shanti huanzi kueleza kwamba ni mrija wa kutoa maji kichwani kuyapeleka tumboni, washajua. Kilichonikosha ni dada mmoja alivyotuonyesha dalili za shanti kuziba kwa mtoto mchanga, anatapika, analala kupita kiasi, utosi umevimba, macho yanaangalia chini tu, akasema hapo usiandike kwenye grupu ukae unasubiri majibu, kimbia hospitali! Nyota moja nimeitoa sababu watu wazima wenye hali hii wamesahaulika kabisa, yaani kila mada watoto, halafu vikao kuchelewa kuanza ni kero. Ila lile daftari wanalogawa la kuandika tarehe za oparesheni na aina ya shanti, lichukueni jamani.