Jarida la sheria la wanafunzi, maoni yangu baada ya mwaka mzima

Wadogo zangu wa Lamu mnaosoma sheria, mmeniuliza sana kama jarida la wanafunzi la chuoni lafaa kujiunga. Lafaa, tena sana, ila ujue waenda kupiga kazi.

Kuingia ni mtihani. Wakupa makala ilovurugwa makusudi uisafishe kwa siku chache, na uandike yako fupi juu ya kesi wanayochagua wao. Wanaosahihisha hawaoni jina, waona namba tu, hapo hakuna cha mtoto wa fulani, na hilo nalipenda.

Ukishaingia, edita mpya kazi yake ni futinoti, yale maelezo ya chini ya ukurasa yaonyeshayo rejea. Kila rejea waifungua mwenyewe, wasoma hukumu aya kwa aya uone kama kweli yasema yale mwandishi alodai, halafu waipanga kwa OSCOLA, mtindo wa Oxford wa kuandika rejea za sheria, jina la kesi italiki, v ya katikati ya majina bila nukta. Yachosha wallahi, lakini hapo ndo nilipojifunza kusoma sheria.

Nilipewa makala iliyotaja kesi ya Mohamed Ali Baadi, ile ya bandari yetu ya Lamu, Mahakama Kuu ya Malindi 2018. Mwandishi kasema mahakama ilisimamisha bandari. Nikashtuka, manake mjomba wangu mvuvi na meli kubwa anaziona zikitia nanga. Nikafungua hukumu Kenya Law, tovuti ya hukumu za Kenya, ni bure, nikakesha nayo: majaji walisema haki za wavuvi zimevunjwa, wakaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600, lakini bandari haikusimamishwa na gati la kwanza likafunguliwa 2021. Sentensi ikabadilishwa. Nilimsomea mjomba ile aya ya fidia kwa Kiswahili, akaniambia rudia, nikarudia mara tatu.

Lililoniudhi ni uongozi. Edita mkuu wetu alikalia makala wiki tatu bila jibu kisha akataka zote kwa siku mbili, wiki ya mitihani, hata pole hakusema. Malipo pia hakuna, laptopu yako bando lako. Kwa hilo natoa nyota nne kwa tano.

Na ukiwa huku nyumbani likizo, shusha PDF za hukumu zote mapema asubuhi, umeme ukikatika mtandao nao waenda na dedilaini haikungoji.