Darubini ya mtumba ya Darajani, nshakaa nayo miezi miwili

Nlinunua Darajani, soko la mjini Unguja, 8x42, yaani inavuta mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, nkatajiwa laki na ishirini nkatoa elfu 85. Muuzaji kaapa lenzi safi, nafika nyumbani naona doa la kuvu ndani ya jicho la kushoto, kurudi naambiwa kilichouzwa hakirudi. Bas.

Nliitaka kwa ajili ya membe wa Aktiki, ndege wa baharini wa kaskazini kabisa mwa dunia. Yakhe huyu ndege ana gramu kama 100 tu, anataga huko Greenland na Iceland chini kwenye changarawe hata kiota hana, ukisogelea mayai anakudonoa utosini, halafu watoto wakishaweza kuruka anashuka mpaka kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia, kiangazi huku kiangazi kule. Waliofungwa vifaa mguuni wakaonekana wanakwenda kama kilomita 70,000 kwa mwaka, na mmoja wa visiwa vya Farne kule Uingereza akafikisha 96,000, tena kapitia Bahari ya Hindi. Bahari yetu hii! Ndo nkasema labda hawa membe wa Nungwi, huku kaskazini ya Unguja, ni wenyewe.

Nkapanda mashua ya ami. Kwake yeye ndege ni habari ya samaki tu, wakijitupa pale ujue chini pana dagaa, kanambia "angalia maji, mdomo wa ndege wautakia nini". Mie nakaza fokasi. Gurudumu la kati gumu ila likikamata limekamata, nkamwona membe mmoja kasimama hewani palepale anapiga mbawa kabla hajazama, hata maji yanavomchuruzika akitoka nkayaona. Mdomo manjano, mnene, na kishungi kisogoni. Si yeye. Wa Aktiki mdomo wake mwembamba, mwekundu damu wakati wa kutaga, mweusi akiwa safarini. Huyu membe wetu wa siku zote. Roho iliniuma, ila bila darubini ningerudi mjini nawadanganya watu.

Ubaya wake nzito shingoni, chombo kikiyumba huoni kitu, na chumvi inaganda kwenye kioo, beba kitambaa laini usifutie kanzu kama mie nshaichora.

Nyota 3 na nusu. Ukienda kununua ielekeze kwenye taa kwanza, doa utaliona hapohapo dukani. Ami sikwizi anaitaka ya kutafutia dagaa, sijamjibu.