Mafundi pampu za dizeli wa Gerezani, Dar: kazi wanaijua, bei sasa!

Pikapu yangu ni dizeli ya komon reli, yaani pampu inasukuma mafuta kwa presha kubwa kwenye bomba moja (reli) linalolisha nozeli zote zinazopulizia mafuta kwenye injini. Ilianza kukosa nguvu mlimani, asubuhi napiga stata mpaka huruma, mwisho ikazima barabarani kabisa. Fundi wa mtaani jibu lake fasta, "bosi weka pampu yuzd utembee".

Hawa jamaa wa Gerezani pampu hawakuigusa kwanza. Walifungua filta wakamimina mafuta kwenye chupa nyeupe tukaangalia wote, maji yamekaa chini na unga wa chuma unang'aa. Wakanielewesha kwamba pampu ya hai presha haina oili yake, inalainishwa na dizeli hiyohiyo, so ikipata maji au mafuta yaliyochakachuliwa na mafuta ya taa inajisaga yenyewe, na ule unga unasukumwa kwenye reli mpaka kwenye nozeli. Ukifunga pampu mpya tanki likabaki chafu umetupa hela. (Vinasaba, ile alama ya kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, vinawekwa kwenye mafuta tangu 2010 ila haviwezi kuzuia maji kwenye tanki la sheli.)

Kilichonikosha, nozeli zinapimwa kwenye mashine mbele yako, na spea za zamani unakabidhiwa zote. Wameosha tanki, paipu, reli, gari sasa inawaka kwa stata moja.

Kero: bei inauma kwelikweli, simu hawapokei, pa kukaa hakuna, na risiti mpaka ung'ang'anie. Nyota nne. Kama una haraka usiende Jumamosi.