Soka ya bure Lewiston: nyota nne

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu Russell Street Field, uwanja wa Bates College hapa Lewiston, Maine, kutazama soka dhidi ya chuo cha Bowdoin. Kiingilio sikudaiwa hata senti. Tulikaa karibu na mstari kiasi cha kumsikia kipa akiwafokea mabeki wake.

"Mjomba, hawa wanalipwa?"

Hawalipwi, wala hakuna anayesomeshwa bure kwa sababu ya mguu wake. Ligi yao, NESCAC, iko daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, na huko ufadhili wa michezo hautolewi. Mbegu ilipandwa 1955 kwa makubaliano ya Amherst, Bowdoin, Wesleyan na Williams. Ligi yenyewe ikaundwa 1971 ikiwa na vyuo 11. Union kikajitoa 1977, Connecticut College kikaingia 1982, hesabu ikarudi palepale. Maine peke yake ina vitatu: Bates, Bowdoin na Colby. Hao wakikutana ni watani wa jadi, Simba na Yanga ya huku kwenye theluji. Kichekesho ni kwamba herufi NE kwenye jina la ligi ni New England, yaani majimbo sita ya kaskazini mashariki, ila chuo chake kimoja, Hamilton, kiko jimbo la New York, nje ya hayo sita!

Nyota moja naikata kwa baridi. Upepo wa Oktoba unapenya hadi kwenye soksi, na kahawa niliyonunua njiani ilikuwa imeshapoa kabla ya filimbi ya kwanza. Beba blanketi. Mpwa wangu ameshaniuliza Colby wanakuja lini.