Grand Slam Cup na fainali za ATP, ipi ilikuwa kali zaidi?

Wadau wa tenisi, miaka ya 90 Ujerumani ilikuwa na mashindano mawili ya kufunga msimu. Grand Slam Cup ilikuwa Munich, 1990 mpaka 1999, chini ya ITF (shirikisho la tenisi la kimataifa), na hela yake acha kabisa, Mmarekani Pete Sampras kashinda ile ya kwanza kaondoka na dola milioni 2, wachezaji 16, mtoano tu, ukipigwa unarudi nyumbani. Fainali za ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume) zilikuwa Frankfurt halafu Hannover, watu 8 kwa makundi, ila pointi za renki unapata, Munich hupati hata moja. Mi bado naipenda ya Munich, 1998 wakaingiza na wanawake, Venus Williams kachukua, mwaka uliofuata mdogo wake Serena. 2000 zikaunganishwa, ikawa Tennis Masters Cup, ikaanzia Lisbon.