Chumba na sebule Mbagala kwa elfu 70, msidanganyike na hiyo bei

Jamani naleta mrejesho wa chumba na sebule nilichopanga huku Mbagala Charambe pamoja na huduma ya dalali aliyenipeleka, maana kila siku naona watu wanauliza elfu 70 kwa mwezi ni bei nzuri au vipi. Bei nzuri ndio. Ila hakuna anayelipa elfu 70!

Funguo unapewa ukitoa miezi sita, hiyo ni laki nne na ishirini, dalali naye anachukua mwezi mmoja wake elfu 70, na kabla hujaonyeshwa hata dirisha ushamtolea elfu kumi ya kuzungushwa. Laki tano hiyo imeondoka, hapo bado bodaboda, yake na yako zote unalipa wewe, na bado hujanunua hata pazia.

Mwenye mshahara anaweza akakopa kazini. Sisi wa riziki ya siku kwa siku (mume wangu fundi rangi, mimi nakaanga chapati asubuhi) hela ya mkupuo namna hiyo tunaitoa wapi? Unaanza na kikoba, kisipotosha unaenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, na hao wakishakupa kila jioni wako mlangoni wanataka rejesho uwe umeuza hujauza. Hapo ndo kodi inapoingia jikoni. Kipindi kile cha rejesho kwetu samaki tulimsikia tu harufu kwa jirani, ilikuwa ugali na mchicha, mchicha na ugali, na mkubwa wangu wa darasa la nne nikamwambia tuisheni ataenda mwezi ujao, mwezi ujao ukafika nikamwambia tena hivyohivyo. Wakati elfu 70 ukiigawa kwa siku ni kama elfu mbili na mia tatu tu, hiyo tungeiweka kwenye kopo kila siku bila mtu kulala na stress. Na ukishamaliza deni mwezi wa tano wa kodi unaingia, unaanza kutafuta miezi sita mingine.

Chumba chenyewe sina neno, tailsi zipo, bati halivuji, sebule usiku ndo chumba cha watoto, tunasogeza meza ya vyombo tunashusha godoro. Choo cha nje, nyumba nzima tunatumia hichohicho.

Sasa umeme, hapa muwe makini kabla hamjasaini. Mita ya LUKU ni moja wapangaji wote. Mtu wa matumizi madogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi yuko kwenye ile bei ya chini, ukiweka buku tano unapata yuniti kama 41. Sasa sisi tukijumlishwa, mmoja ana friji anauza barafu, mwingine pasi haipoi, hizo 75 tunazipita mapema tu kwahiyo tunahesabiwa kama nyumba ya mtu mwenye uwezo, buku tano ileile inatoa yuniti 14. Yani mimi mwenye taa mbili na chaji ya simu nanunua umeme kwa bei ya mtu wa AC. Na kodi ya jengo 1,500 kila mwezi inakatwa humohumo kwenye LUKU, jengo la mwenye nyumba ila tunakatwa sisi, nilipomuuliza mama mwenye nyumba kwa heshima zote akanijibu "mwanangu, si mnakaa nyie?" Nikanyamaza, miezi sita yangu anayo yeye.

Ila tusimseme sana, msiba ulipotupata alitusubiri wiki tatu za kodi bila maneno, wengine wangetoa vitu nje.

Dalali nampa 2 kati ya 5, hiyo 2 ni kwa sababu nyumba aliyonionyesha ndo niliyopewa, ila habari ya mita hakuisema hata kidogo na alishavuta chake simu akawa hapokei. Chumba 3. Ukienda kuangalia nyumba waulize kwanza wapangaji waliopo, sio dalali, mita ziko ngapi na nani ana friji, na mkataba usiuchukue mpaka uwe umeandikwa mgao wa umeme.

Kuna mtu anajua mwenye nyumba anayepokea miezi mitatu mitatu, Chamazi au Kongowe, hata bila tailsi? Naomba inbox, mkataba wangu unaisha karibuni.